Aliyesimama Nyuma ya Trela

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kuvuta trela ya maji hadi Mashuuru, kuyamwaga kwenye tangi la shule, kisha kurudi Kitengela na trela tupu. Kufikia saa kumi na moja jioni maji yalikuwa yameisha. Watoto walikuwa wameshaenda nyumbani. Lakini Dolphine Adero alikuwa bado amekaa nyuma ya usukani, ufunguo mkononi, hajawasha gari.

"Madam, tunangoja nini?" Kiama akamuuliza.

"Ile cheni ya trela nimeikaza, mwalimu?"

"Umeikaza. Umeniuliza mara tatu. Twende, giza litatupata njiani."

Kiama alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa Kitengela, aliyeendesha malori maisha yake yote kabla ya kuanza kufundisha. Shirika lililogawa maji Kajiado wakati wa kiangazi lilikuwa limemwajiri awafundishe wafanyakazi kuendesha gari la fowili, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, mahali ambapo hakuna barabara. Kwa miezi miwili alimfundisha Dolphine kupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani. Akamfundisha kuweka gia ya nguvu mapema, si baada ya kukwama. Zaidi ya yote, alimfundisha kurudi nyuma na trela. Trela ni mnyama mkaidi. Ukipinda usukani kulia, yenyewe inaenda kushoto.

"Shika usukani chini," alikuwa akimwambia. "Pale chini kabisa. Halafu peleka mkono kule unakotaka trela iende. Na usirudi nyuma bila mtu wa kukuelekeza. Huyo mtu ndiye macho yako."

Hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo. Wakifika Kitengela salama, Kiama angetia sahihi, na Dolphine angekuwa afisa wa nyanjani, mwenye gari lake na mshahara wa kumtoa kwenye kile chumba kimoja alichopanga nyuma ya soko. Mtu mwingine angeimba njia nzima.

Dolphine hakuwa na wimbo. Nafasi hiyo ya kazi ilikuwa iwe ya Ondiek.

Ondiek walikuwa wameanza naye mafunzo siku moja. Kijana mpole, alikuwa na mke na mtoto mchanga, na kila asubuhi alimletea Dolphine mandazi mawili kwenye karatasi ya gazeti bila kuombwa. Wiki saba zilizopita, hapo hapo Mashuuru, Ondiek alikuwa akirudisha trela nyuma hadi kwenye pampu ya kisima. Kiama alikuwa upande wa pili, akizungumza na mwenye kisima. Aliyesimama nyuma ya trela, amevaa fulana ya riflekta, akimwelekeza Ondiek kwa mkono, alikuwa Dolphine.

Mkono mmoja tu. Mwingine ulikuwa umeshika simu.

Binamu yake alikuwa amemtumia video. Kitu cha sekunde ishirini hivi. Dolphine alikuwa ameinamisha kichwa, anacheka, huku mkono wa kulia ukiita, njoo, njoo, njoo... Hakumwona yule ajuza wa Kimaasai aliyekuwa akipita nyuma ya trela na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso. Alichosikia ni kuni kuvunjika.

Kah. Kah. Kah.

Na alipoinua macho, ajuza alikuwa ardhini, anamtazama. Hakumtazama Ondiek aliyeruka kutoka garini akipiga kelele. Hakuitazama ile trela. Alimtazama yeye, akatazama simu, kisha akamtazama yeye tena.

Alifariki hospitalini siku ya tatu.

Kwenye kituo cha polisi, afisa aliuliza swali moja. Ulimpa dereva ishara gani? Ondiek alikuwa ameshasema: aliniambia njoo. Dolphine aliwaza chumba chake, aliwaza mama yake kule Siaya anayemtegemea. Akasema:

"Nilimwambia asimame. Hakuniangalia."

Ikaandikwa. Kiama akaandika ripoti yake vivyo hivyo, kwa kuwa alimwamini. Ondiek alipelekwa rumande, kesi ikapewa tarehe, nayo tarehe ikasogezwa mbele. Na mandazi yakakoma.

Dolphine aliwasha gari.

Walitoka Mashuuru wakifuata barabara ya vumbi inayoelekea Kajiado. Jua lilikuwa limeshagusa vilima, vumbi limekuwa jekundu. Trela tupu ilirukaruka nyuma yao ikipiga kelele za mabati, kama trela tupu zinavyofanya. Kiama alifunga mikono kifuani.

"Leo sisemi kitu," akasema. "Mimi ni abiria."

Kwa kilomita kumi hivi aliendesha vizuri. Akakwepa mawe, akapunguza mwendo mapema kwenye makorongo. Kisha kelele za mabati zikakoma.

Hivyo tu. Zikakoma.

Gari likaanza kulemewa. Dolphine akashusha gia. Likalemewa tena. Injini ilinguruma kama siku ile walipovuta maji matangi mawili wakipanda mlima.

"Mwalimu... trela imekuwa nzito."

Kiama aligeuza shingo, akatazama kupitia dirisha la nyuma. "Iko tupu. Ni upepo wa tairi labda. Tuvuke lagga kwanza, nitaangalia upande ule."

Dolphine aliisikia harufu. Moshi. Si moshi wa gari. Ulikuwa moshi wa kuni, wa nyumba ya matope, na ndani yake kulikuwa na maziwa yaliyolala kwenye kibuyu. Aliifahamu. Aliisikia wakati alipopiga magoti karibu na yule ajuza, shuka lake likiwa limetapakaa vumbi.

Akafungua dirisha. Harufu ikazidi.

Lagga, ule mto wa msimu usio na maji, ilikuwa pana, kavu, mchanga mweupe mtupu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Jua lilikuwa limezama, mwanga uliobaki ulikuwa wa kijivu. Dolphine alisimama ukingoni kama alivyofunzwa. Wakashuka, wakapunguza upepo wa tairi zote, za gari na za trela. Akaweka gia ya nguvu. Kanuni moja tu ilibaki: ukishaingia mchangani, usiondoe mguu. Mwendo wa polepole, lakini usisimame.

Akaingia.

Katikati kabisa ya lagga, nyuma yao, juu ya trela, kitu kikavunjika.

Kah.

Mguu wake ukainuka wenyewe.

Gari likazama mchangani, likatulia.

"Ai, madam!" Kiama akapiga goti lake kwa kiganja. "Umetoa mguu!"

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Kuni."

Kiama alimtazama. Akafungua mlango, akainama kwenye mchanga, akamulika tairi kwa tochi yake ndogo. Alirudi kwenye dirisha la Dolphine, sauti imekuwa ya upole.

"Haijazama sana. Sikiliza. Rudi nyuma hatua mbili tatu kwenye njia uliyojia, mchanga wake umeshakandamizwa. Halafu ingia tena na usitoe mguu. Mimi nitasimama nyuma nikuonyeshe. Pole pole. Tumeelewana?"

"Mwalimu, usiende nyuma."

"Sasa nani atakuelekeza?"

Akaondoka. Dolphine alisikia viatu vyake vikizama mchangani, chap, chap, chap, vikipita pembeni ya gari, vikipita pembeni ya trela. Kisha havikusikika tena.

Akaweka rivasi. Taa nyeupe za nyuma zikawaka, na nyekundu za breki. Akatazama kioo cha pembeni.

Mtu alikuwa amesimama nyuma ya trela. Mwanga haukumfikia vizuri. Ila mistari ya riflekta ilimetameta, na mkono uliinuliwa juu.

Njoo.

Dolphine akashika usukani chini, akaachia klachi taratibu. Gari likarudi. Trela ikalia, ikasogea, nzito, nzito mno.

Njoo. Njoo.

"Hivyo ndivyo," alijinong'oneza. "Pole pole..."

Kisha akaanza kuhesabu mambo, moja baada ya lingine, na kila moja lilimshika shingoni kama kidole cha baridi. Kiama hakuwa amevaa riflekta. Alikuwa na koti lake la kahawia. Kiama huelekeza kwa mikono miwili, siku zote. Aliwagombeza kwa hilo hadi wakalikariri. Yule pale aliinua mmoja.

Ule mwingine ulikuwa chini ya kidevu, na ndani yake kulikuwa na mwanga mdogo wa buluu.

Mwanga ulipanda usoni. Kichwa kilikuwa kimeinama. Nywele zilikuwa zimesukwa mistari na kufungwa nyuma kwa kitambaa cha kijani, kile alichokipoteza siku ile ya ajali na hakukiona tena. Mabega yalikuwa yakitikisika.

Alikuwa anacheka.

Ni yeye.

Dolphine Adero, amesimama nyuma ya trela, anatazama simu, anacheka, na mkono wake unaita. Njoo, njoo, njoo... Na kicheko kile kikamfikia kupitia dirisha lililo wazi, chembamba, cha puani. Kicheko chake mwenyewe. Hakuwahi kujua kwamba kinasikika hivyo kwa watu wengine.

Gari lilikuwa bado linarudi.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Injini ikazima. Akavuta breki ya mkono kwa nguvu hadi akaumia kidole.

Kimya.

Kisha, kutoka chini, karibu na mchanga, sauti isiyo na pumzi:

"...ma... madam..."

Alishuka akianguka. Nyuma ya trela hapakuwa na mtu aliyesimama. Kiama alikuwa amelala chali kati ya magurudumu, tochi imezikwa mchangani, mguu mmoja umekwama. Tairi ya kushoto ilikuwa imekwisha kukanyaga ncha ya koti lake. Ilikuwa imebakisha kiganja kimoja kufika kifuani.

Dolphine alichimba mchanga kwa mikono. Alimvuta kwa makwapa hadi akamtoa, wakaanguka wote wawili pembeni. Kiama alikohoa kwa muda mrefu.

"Niliita," akasema mwishowe. "Niliita, sauti haikutoka. Nilianguka nilipofika tu hapa nyuma. Kuna kitu kilikuwa miguuni."

Alitafuta tochi, akamulika. Mchangani, mahali pasipo na mti hata mmoja, kulikuwa na mzigo wa kuni umefungwa kwa kamba. Kamba ilikuwa na sehemu pana katikati, ile ya kupitisha kwenye paji la uso.

Kiama aliitazama bila kuigusa.

"Labda mtu ameangusha," akasema. "Watu hupita hapa."

Lakini mchanga ulikuwa laini pande zote, na nyayo zilizokuwepo zilikuwa zao wawili tu.

Dolphine alikaa pale pale, magoti kifuani. Akasema, bila kumtazama:

"Nilimwambia njoo."

"Nini?"

"Ondiek. Nilimwambia njoo. Sikumwambia asimame. Nilikuwa naangalia simu, mwalimu. Nilikuwa nacheka. Huyo mama alipita mbele yangu hapa na sikumwona. Ondiek hana kosa. Ondiek alifanya vile ulivyotufunza."

Alingoja mzee amtukane. Angependa amtukane. Kiama alifuta mchanga usoni kwa mkono wa koti.

"Mimi niliandika ile ripoti," akasema. "Nilikuwa na kalamu mkononi, na kijana amesimama hapo ananiangalia. Sikumuuliza hata swali moja." Akainuka, akachechemea hadi mlango wa dereva. "Ingia. Leo naendesha mimi. Hatuendi Kitengela, tunaenda Kajiado. Kituo hakifungwi."

Gari lilitoka mchangani kwa mkupuo mmoja. Na nyuma yao, mabati ya trela yakaanza kupiga kelele tena.

Dolphine aliandika taarifa mpya usiku huo, mbele ya afisa aliyemkodolea macho kama mtu anayesikiliza mlevi. Hakuandika habari ya kioo. Aliandika habari ya simu, ya mkono, na ya uongo. Kazi ilikwisha kesho yake. Alifunguliwa kesi yake mwenyewe, akapewa dhamana, akaambiwa angoje tarehe. Kiama naye aliandika barua ya kufuta ripoti yake.

Wiki ya tatu Ondiek aliachiliwa. Dolphine alikwenda kumngoja nje ya lango, ingawa hakujua atasema nini. Ondiek alitoka amekonda, shati limemning'inia mabegani. Mkewe alikuwa amemshika mkono, mtoto mgongoni. Walipompita Dolphine, Ondiek alisimama.

"Ondiek, mimi—"

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema, bila hasira. "Nimekiwaza kila siku humo ndani. Ulikuwa unacheka nini?"

Dolphine alikumbuka vizuri. Paka aliyeruka akakosa kiti. Hiyo ndiyo ilikuwa video.

"Sikumbuki," akasema.

Ondiek alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia, wakaenda zao. Na Dolphine akatambua kwamba amemdanganya tena.

Bado kulikuwa na nyumba moja ya kufika. Aliahirisha mara mbili. Mara ya tatu alipanda bodaboda kutoka Kajiado, akafika Mashuuru saa tisa alasiri, akauliza kwa Seleyian, binti wa yule ajuza. Alionyeshwa boma lililozungushiwa miiba, nyumba ya mabati mbele na ya matope nyuma.

Seleyian alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, shanga chache shingoni. Alimwangalia mgeni wake tangu mbali, akijongea kwenye lile jua. Dolphine alimsalimu kwa neno la Kimaasai alilojifunza.

"Takwenya."

"Iko," Seleyian akaitikia. "Ingia. Kuna chai."

Ndani mlikuwa na kiza na moshi. Dolphine alishika kikombe kwa mikono miwili, akasimulia yote. Hakupunguza kitu. Seleyian alisikiliza akichochea moto, na Dolphine alipomaliza hakulia wala hakupiga kelele.

"Tunajua," akasema.

"Mlijua? Tangu lini?"

"Tangu hospitali. Mama alikuwa anaongea. Siku zote tatu alikuwa anaongea. Alituambia si yule kijana, ni yule mama mwenye simu."

Dolphine akaweka kikombe chini. "Na mkaacha Ondiek afungwe?"

"Kaka zangu walitaka kwenda kituoni. Mama akakataa. Alikataza kabisa, na maneno ya mtu anayekufa huwezi kuyaruka." Seleyian alitazama moto. "Alisema, mwacheni, msimguse. Akasema, huyo nitamngoja mwenyewe."

Nje, mbuzi walikuwa wakirudi.

Dolphine alivuta pumzi. Alihisi kitu kikilegea kifuani, kitu kilichokaa pale zaidi ya majuma kumi. "Basi imekwisha," akasema kwa sauti ndogo. "Alinipata. Pale kwenye lagga." Na kwa mara ya kwanza akamsimulia mtu habari ya kioo: uzito wa trela, harufu ya moshi, riflekta, mwanga wa buluu, kitambaa cha kijani, kile kicheko. "Nilimwona, dada. Nilijiona mimi mwenyewe nimesimama pale."

Seleyian aliacha kuchochea moto.

"Ulijiona wewe."

"Ndiyo."

"Na Mama je? Mama hukumwona?"

Dolphine alifikiri. Alirudi kwa mawazo mpaka kwenye kile kioo, akatafuta kila pembe yake, ule mchanga wa kijivu, ile nuru nyekundu.

"Hapana. Niliona zile kuni tu. Yeye sikumwona."

Seleyian aliinuka, akaenda mlangoni, akatazama jua. Lilikuwa limeshashuka hadi kwenye miiba ya boma, na barabara ya kurudi Kajiado ilikuwa tupu mpaka macho yanapofika. Mgongo wake uliziba mwanga wote.

"Nitakutandikia hapa," akasema bila kugeuka. "Usiende leo. Bado anakungoja."